Behewa la makaa ya mawe la tani 16: mwongozo kamili wa kuliunda kwa kipimo cha 1:76

Tazama picha za reli za Uingereza zilizopigwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, utaliona karibu kila stesheni: behewa fupi la chuma, wazi juu, magurudumu manne, mbavu za chuma ubavuni na rangi ya kijivu iliyoliwa na kutu. Shirika la reli la taifa, British Railways, lilikuwa na zaidi ya 200,000 ya aina hii. Ndiyo yaliyotoa makaa ya mawe migodini na kuyafikisha kwenye mitambo ya umeme, viwanda vya gesi, bandari na yadi za wauza makaa wa mitaani. Kwa mtu anayejenga reli ndogo ya mezani sijui behewa bora kuliko hili la kuanzia: vipande ni vichache, seti zake za kuunganisha zinapatikana kwa urahisi, na moja halitoshi, kwa hiyo utarudia kazi ileile hadi mkono uizoee.

Kinachonisumbua ni kwamba mengi yanayoundwa huishia kuwa safi mno, au yanapakwa kutu popote brashi ilipoangukia. Behewa hili lilikuwa la kazi ya sulubu. Kila mlango, kila mstari mweupe na kila doa la kutu lilikuwa na sababu yake kazini, na ukishaijua sababu hiyo hutababaika tena pa kuweka rangi. Mwongozo huu nimeupanga kwa msimamo huo.

Jua kwanza unaunda lipi

Kabla ya Vita Kuu ya Pili makaa ya Uingereza yalisafiri kwenye mabehewa ya mbao. Mengi yalikuwa mali ya migodi na wafanyabiashara wenyewe, majina yao yameandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Ya kizazi cha mwisho yalifuata kiwango cha mwaka 1923: uwezo wa tani 12, na mara nyingi mbao saba kutoka sakafuni hadi ukingoni. Vita vilipoanza mwaka 1939 yakawekwa karibu yote kwenye matumizi ya pamoja, na reli zilipotaifishwa Januari 1948 yakawa mali ya taifa. Mengi yalikuwa hoi tayari.

Chuma kilichukua nafasi ya mbao kwa awamu. Wakati wa vita kampuni ya Charles Roberts iliunda mabehewa ya serikali yenye kuta zilizolala, mapana juu na membamba chini. British Railways ikaja kuchagua kuta za wima, na mchoro wake uliotumika zaidi unajulikana kwa namba 1/108. Kuna pia kundi lililoundwa kwa ajili ya reli ya Ufaransa, SNCF, kisha likaingia Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hili utalitambua kwa mlango wa ubavuni wenye mabawa mawili yanayofunguka kulia na kushoto, wakati mlango wa 1/108 huangushwa chini.

Ukianza, chagua 1/108. Kampuni ya Parkside, ambayo sasa iko chini ya Peco, wana seti yake ya plastiki; Dapol wanauza seti ya zamani ya Airfix; na Bachmann wanalo lililokamilika kwa asiyetaka kuunganisha. Mwenye behewa lililokamilika aruke hadi kwenye rangi, ila asome sehemu ya breki.

Chagua na mwaka, uushike. Treni ya 1955 ina mbao na chuma vimechanganyika. Treni ya 1965 karibu yote ni chuma. Ya 1975 ina mabehewa yenye vibandiko vya bati jipya lililochomelewa, na alama MCO au MCV kando ya namba, kwa kuwa muongo huo ndipo kompyuta za reli zilipoanza kuyafuatilia mabehewa kwa herufi za aina yake. MCO halina breki za treni, yaani zinazotawaliwa kutoka kwenye injini; MCV linazo, za vakyumu (zinazotumia ombwe la hewa). Kisha tafuta picha moja ya behewa moja, yenye namba inayosomeka, na uunde behewa hilo hilo. Kukopa kutu hapa na mlango kule kutoka picha kumi ndiko kunakozaa kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Milango na mstari mweupe

Kila ubavu una mlango mmoja katikati. Huu ulikuwa wa muuza makaa wa mtaani: aliuangusha, akasimama na koleo, akajaza magunia ya takriban kilo 50 na kuyapakia kwenye gari lake. Mlango mwingine uko kwenye kichwa kimoja tu cha behewa, yaani ukuta mmoja wa mwisho, umening'inia kwa bawaba zilizo juu. Huo ulikuwa wa bandarini. Kule Cardiff, Barry na Penarth behewa zima liliinuliwa na kuinamishwa, mlango ukafunguka, makaa yakamiminika melini. Sasa kama mabehewa arobaini yameelekezwa ovyo, wafanyakazi wa gati watajuaje mlango uko upande gani? Ndiyo maana ubavuni pana mstari mweupe wa mshazari: unaanzia chini na kupanda kuelekea kwenye kichwa chenye mlango.

Jambo hili linakosewa mara nyingi kuliko lingine lolote. Kabla hujagundisha kichwa chochote, weka alama ya penseli ndani ya bodi upande wa mlango, halafu ukifika kwenye mistari hakikisha yote miwili inapanda kuuelekea. Ukitazama ubavu mmoja mstari utapanda kulia, na ukitazama wa pili utapanda kushoto.

Vipimo na zana

Katika kipimo cha 1:76 futi moja inakuwa mm 4. Behewa lenye urefu wa futi 16 na inchi 6 bila bafa (vigongeo vya ncha) linakuwa mm 66, umbali wa futi 9 kati ya ekseli unakuwa mm 36, na gurudumu la futi 3 na inchi 1.5 linakuwa mm 12.5. Reli za kawaida za kipimo hiki zina upana wa mm 16.5. (Aliyevutiwa zaidi na mabehewa ya magadi ya tawi la Konza hadi Magadi nchini Kenya, au ya shaba ya Kilembe, Uganda, yaliyopitia Kasese, akumbuke kuwa reli zile ni za mita moja: kwa 1:76 ni mm 13 na kidogo, na njia ya mm 12 ndiyo iliyo karibu. Mbinu za kutu na shehena zilizo hapa chini zitamfaa vilevile.)

Zana si nyingi. Koleo ndogo ya kukatia, kisu chenye wembe wa kubadilisha, tupa nyembamba, msasa laini, kibanio, kekee ya mkono yenye biti ya mm 2, skwea ndogo ya chuma, na kipande cha kioo kinene kisicho na mbonyeo. Kioo usikiache, kazi yote ya fremu inakitegemea. Gundi iwe ya majimaji, ile inayoyeyusha plastiki na kuiunganisha. Gundi nzito ya tyubu inachafua kona. Utahitaji pia epoksi kwa ajili ya uzito.

Osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, vikauke. Mafuta ya kiwandani yakibaki, rangi itabanduka baadaye.

Fremu ya chini

Behewa linaloyumba au kutoka relini halina faida hata likipakwa rangi na fundi bingwa. Nenda polepole hapa.

Toboa visanduku vya ekseli kwa biti ya mm 2, ukizungusha kwa vidole tu, na uingize beringi za shaba zenye tundu la ncha. Zizame hadi ukingo wake ulale sawa na plastiki. Kisha chukua jozi za magurudumu na upime nafasi ya ndani kati ya gurudumu na gurudumu: kwa reli za mm 16.5 inatakiwa iwe kama mm 14.5. Ikiwa pungufu, vuta gurudumu huku unalizungusha. Usilisukume kwa nguvu upande mmoja, litainama kwenye ekseli na behewa litatembea likichechemea. Ekseli yenyewe, ncha hadi ncha, huwa mm 26.

Gundisha boriti moja ya pembeni kwenye sakafu, ipime kwa skwea, iache ishike. Boriti ya pili ipake gundi kidogo, weka magurudumu yote mawili katikati, kisha haraka lisimamishe behewa kwenye kioo. Gundi ingali laini, bonyeza sakafu taratibu kwa kidole kimoja katikati hadi magurudumu yote manne yaguse kioo. Chungulia ukiwa umeshusha jicho usawa wa meza: mwanga ukipenya chini ya gurudumu lolote, sukuma boriti kidogo kwa ncha ya kisu. Ukiridhika, weka kitu kizito juu na uondoke. Usirudi kugusa kabla ya saa chache kupita.

Magurudumu yazunguke bila kukwama, na ekseli iwe na mchezo mdogo sana kushoto na kulia. Jaribu kwa kuinua ncha moja ya kioo: behewa linatakiwa kuanza kushuka lenyewe kwenye mwinuko mdogo. Likikaidi, toa ekseli na usafishe beringi kwanza, maana mara nyingi ni chembe ya plastiki iliyobaki kwenye tundu.

Uzito unaofaa ni gramu 25 kwa kila ekseli, yaani gramu 50 kwa behewa hili. Plastiki peke yake haifiki hapo. Tia nati za chuma au vipande vya madini ya risasi chini ya sakafu, katikati ya boriti, na uvishike kwa epoksi. Risasi usiigundishe kamwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Asidi yake inaila risasi taratibu, risasi inavimba, na baada ya miaka michache sakafu inapinda na kupasuka. Nawa mikono ukimaliza kuishika.

Breki

Wengi hupapasa sehemu hii kwa sababu iko chini kivulini. Mimi naipenda kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayoeleza treni hizi ziliendeshwaje. Mengi ya mabehewa haya hayakuwa na breki zinazotawaliwa kutoka kwenye injini. Treni nzima ilizuiwa na injini mbele na gari la gadi (msimamizi wa treni, mwenye breki yake) nyuma, na kabla ya kushuka mteremko mkali treni ilisimama kabisa, wafanyakazi wakatembea kando yake wakikandamiza mikono ya breki ya behewa moja moja na kuifunga kwa pini.

Kwa hiyo kila ubavu una mkono mrefu wa breki, nao uko upande wa kulia wa mtu anayelitazama behewa. Kulia kwa ubavu huu, na kulia kwa ubavu ule. Fikiria fimbo moja inayopita chini kuunganisha pande mbili: mkono wa huku ukishuka unaizungusha fimbo upande mmoja, wa kule ukishuka unaizungusha kinyume. Dawa yake ilikuwa klachi ya Morton, kifaa kidogo kilichogeuza mwelekeo kwenye ubavu mmoja. Katika seti nzuri klachi hiyo ni kipande tofauti. Usikipe ubavu usiostahili. Soma mchoro mara mbili.

Kuna mabehewa yenye viatu vya breki upande mmoja tu na kuna yenye viatu pande zote, na picha yako ndiyo itakayoamua. Viatu vikae usawa wa gurudumu, sio nyuma yake, na pawe na nafasi ya unene wa karatasi ili visikwaruze. Mkono wa breki kwenye behewa linalotembea huwa juu, umelala kwenye kishikio chake. Ukiunda mabehewa machache ya kukaa yadini, ishushe mikono yake: mtu anayeijua reli ataona kuwa yamefungwa breki.

Bodi

Hapa hakuna mengi. Unganisha ubavu mmoja na kichwa kimoja juu ya kioo, skwea ndani ya kona, kisha jozi ya pili, halafu unganisha jozi mbili hizo. Kona ya ndani ipakwe gundi kwa brashi, ivutwe yenyewe kwenye ufa. Alama za duara za kiwandani zilizo kwenye kuta za ndani zisuguliwe kwa msasa, kwa sababu behewa tupu linaonyesha ndani yake yote. Ukitaka kuonyesha bati lililopigwa na makaa, kwaruza ukuta kwa nyuma kati ya mbavu hadi plastiki iwe nyembamba, kisha ubonyeze kutoka ndani kwa kijiti chenye kichwa cha mviringo. Bati lilibonyea kutokea ndani kwenda nje, kwa sababu makaa yalidondoshwa na kurundikwa ndani.

Viungio: weka mnyororo wa pete tatu kati ya mabehewa yanayokaa pamoja daima, na kulabu za kawaida za kiwandani kwenye ncha za kundi. Hivyo utapata sura halisi bila kuhangaika na pete ndogo kila unapopanga treni.

Rangi na maandishi

Mabehewa yasiyo na breki za treni yalikuwa kijivu. Yenye breki za vakyumu yalikuwa na rangi ya kahawia nyekundu. Fremu ya chini ni nyeusi kwa jina tu, maana vumbi la breki na mafuta ya ekseli huifanya kahawia chafu ndani ya muda mfupi. Ndani ya bodi usipake kijivu. Makaa yalikwangua rangi yote ya ndani katika safari za mwanzo, na kilichobaki ni kutu.

Namba huwekwa chini upande wa kushoto, juu ya kibandiko cheusi, pamoja na 16T. Uzito wa behewa tupu, karibu tani 7, huandikwa chini kulia. Herufi ya mwanzo wa namba ina maana: B ni behewa la British Railways yenyewe, P lilikuwa la mtu binafsi kabla ya 1948, na M, E, W au S limetoka kwenye kampuni za reli za zamani. Behewa la mbao lenye herufi B kwenye treni ya makaa litamshangaza anayejua. Stika za kulowekwa zibandikwe juu ya vanishi ya kung'aa, kisha zifunikwe kwa vanishi isiyong'aa.

Kutu

Makaa yenye unyevu na salfa huzaa tindikali hafifu, na behewa hilo lilinyeshewa mvua likiwa limejaa. Bati likaliwa kutoka ndani. Nje, rangi ilivimba na kubanduka pale bati lilipobonyea, kando ya mishono ya kuchomelea, na chini ukutani ambako maji yalituama. Kwa hiyo kutu ya behewa hili ni mabaka yenye kingo kali, na michirizi inatoka kwenye mabaka hayo kushuka chini. Katikati ya baka ni kahawia iliyokolea, karibu nyeusi. Rangi ya chungwa iko ukingoni tu, na kidogo.

Njia ninayoiamini ni ya chumvi ya mezani, nayo huanza kabla ya rangi ya kijivu. Paka bodi yote, ndani na nje, kahawia ya kutu iliyokolea, na rangi ikiwa bado na unyevu gonga hapa na pale kwa sponji yenye kahawia nyepesi kidogo. Acha siku nzima, kisha vanishi. Sasa lowesha ubavu kwa maji kwa brashi, na udondoshe chumvi kwenye zile sehemu tatu nilizotaja, ukiilinganisha na picha. Changanya chembe nyembamba na nene. Chembe za ukubwa mmoja huacha madoa ya kipele ambayo hayapo kwenye bati halisi. Maji yakikauka chumvi itakuwa imeshika. Nyunyiza kijivu kwa kopo la kupulizia au bomba la hewa, tabaka jepesi jepesi, bila kulowesha. Ikikauka, sugua kwa brashi ngumu ya meno na kidole. Chumvi inapukutika na rangi iliyo juu yake, na mabaka yanabaki na kingo zilezile za rangi iliyobanduka. Suuza vizuri, maana chembe iliyosahaulika itatoa weupe baadaye.

Baada ya hapo tumia rangi ya mafuta ya wasanii. Weka nukta ndogo ya kahawia chini ya baka, kisha ivute chini kwa brashi bapa iliyoloweshwa kidogo kwa tapentaini. Kazi ya sekunde chache kwa kila baka. Ndani ya behewa, unga mweusi wa makaa ukusanywe kwenye kona na kwenye makutano ya sakafu na ukuta.

Kwa mabehewa ya mbao ya mwaka 1950 hivi kuna jambo la kuzingatia: mbao zilizobadilishwa mara nyingi hazikupakwa rangi, na jina la mwenye behewa wa zamani lilionekana limekatika katikati. Paka ubao mmoja mmoja kwa vivuli tofauti vya kijivu cha mti mkavu.

Shehena

Mkaa wa kuni haufai, hata ukiwa umejaa jikoni. Ni mfifu na unavunjika kwa mistari ya mti, wakati makaa ya mawe yana mng'ao mkali kwenye pande zilizokatika. Tumia makaa ya mawe yenyewe. Kipande cha migodi ya Ngaka au Kiwira, Tanzania, kitafanya kazi sawa na cha Wales. Kifunge kwenye kitambaa kizito, kiponde kwa nyundo, uchuje. Makaa ya majumbani yalikuwa mabonge, kwa hiyo chagua chembe za mm 2 hadi 3. Ya mtambo wa umeme ni madogo zaidi, mm 1 au chini.

Kata povu gumu liingie ndani ya behewa bila kubana, chini kidogo ya ukingo, lipake rangi nyeusi, panga makaa juu yake na uyaloweshe kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji na tone la sabuni. Lisigundishwe kwenye behewa: treni moja iweze kwenda imejaa na kurudi tupu.

Kimo cha shehena kinategemea kilichobebwa. Makaa hujaa hadi ukingoni na kupanda kidogo katikati. Madini ya chuma ni mazito mno kwa kiasi hicho: tani 16 zake hazifiki hata nusu ya kimo cha ukuta, na behewa lililojazwa madini ya chuma hadi juu lingevunjika ekseli. Anayetaka treni ya madini aweke povu chini zaidi na atumie mawe mekundu ya kahawia.

Kupanga treni

Kwa reli ya mezani, mabehewa kumi na mawili hadi ishirini yanatosha kuonekana kama treni ya makaa, na nyuma yake lazima pawe na gari la gadi ikiwa mabehewa ni ya kijivu. Changanya umri: mawili karibu mapya, machache yaliyooza, yaliyobaki katikati. Kwa mwaka 1955 ingiza ya mbao kwa wingi. Kwa 1965 yaache mawili matatu pembeni mwa yadi yakisubiri kukatwakatwa. Milango ya kichwa iangalie pande zote, bila mpangilio, isipokuwa treni inayokwenda bandarini. Na kama reli yako iko kaskazini mashariki mwa Uingereza, upande wa Tyne na Durham, punguza haya na uongeze mabehewa yanayomwaga kwa chini, maana huko gati zilijengwa juu na makaa yalidondoka kupitia sakafu.

Mwisho wa kipindi cha kuyatumia ni miaka ya 1980. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 treni mpya za HAA, behewa moja likibeba tani 32 na kumwaga likiwa linatembea, zilichukua kazi ya mitambo ya umeme. Ukiweka HAA upande wa pili wa stesheni na mabehewa yako ya tani 16 upande huu, umeuonyesha mwaka 1970 bila kuandika tarehe popote.